Isale la Chupa

Kama unatafuta mtu mwenye akili katika habari hii, usinitazame mimi. Wapo wengine humu: yupo mama mmoja wa mlimani, yupo mama mwenye nyumba wangu wa mjini, wapo hata kuku walioonyesha busara kidogo. Mimi nimo kama mjinga, toka mwanzo mpaka mwisho. Naisimulia mwenyewe kwa sababu wenzangu wameshaisimulia vibaya, wameongeza na mbuzi aliyekufa. Hakuna mbuzi aliyekufa.

Nilitaka kuoa. Msichana mwenyewe alikuwa wa juu huko, ukipanda kutoka Kiboriloni mpaka migomba inapofungana juu ya njia na maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani, yanapita mbele ya kila nyumba. Yeye alikuwa amenikubali, au tuseme alikuwa hajanikataa, ambalo kwa msichana yule lilikuwa jambo kubwa. Baba yake alikuwa mtu mpole, akitaka kujua anafikiri nini anamtazama mkewe. Shida ilikuwa huyo mkewe.

Siku ya kwanza nilikwenda pale na baba mdogo. Tukakaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi, kata ikaanza kuzunguka taratibu, wazee kwanza, kama ilivyo. Kabla kata haijanifikia nilikuwa nimeshainuka kwenda kumtazama mbuzi, nimerudi, nimeinuka kwenda kutazama mfongo, nimerudi, nimeinuka tena kwenda kuona kama mbuzi bado yupo. Yule mama hakuniambia kitu mimi. Alimwambia baba mdogo, na mimi nimesimama pale pale:

"Baba, huyu kijana wenu ana funza?"

"Hana funza, mama."

"Basi kigoda changu kina moto. Mimi simpi binti yangu mtu asiyejua kukaa. Leo hakai kwenye kigoda, kesho hatakaa kwenye nyumba."

Na ushahidi alikuwa nao. Watu wa mlimani wanajuana. Shule niliacha darasa la nne. Nikabeba magunia ya kahawa, nikaacha. Nikawa kwa Mgiriki mmoja nikipalilia mibuni, nikaacha kabla magugu hayajanizoea. Fundi cherehani mmoja mjini alinipa nikanyage mashine, nikakanyaga kwa haraka mpaka suruali ya mteja ikatoka na mguu mmoja mrefu kama wa korongo. Huyo sikumwacha, yeye ndiye aliyeniacha.

Kazi niliyokuja kuipenda ni ya chupa, na hiyo aliileta baba mdogo kutoka vitani. Alirudi kutoka Burma na koti zito, kikohozi, na hadithi nyingi ambazo nyingine nadhani zilikuwa za kweli. Moja ilikuwa ya rafiki yake askari, mtu wa Gold Coast, ambaye kwao wanasaga chupa zilizovunjika, wanaweka unga wake kwenye kalibu za udongo, wanachoma motoni, zinatoka shanga. Baba mdogo alimuuliza kila kitu yule mtu, maana huko porini hawakuwa na la kufanya ila kungojea Wajapani.

"Na alisema neno moja," baba mdogo akaniambia. "Chupa moja, shanga moja. Usichanganye unga wa chupa hii na ile."

"Kwa nini?"

"Sikumuuliza. Ndipo Wajapani walipokuja."

"Hata chupa zina makabila?" nikasema, nikacheka sana. Nilidhani nimesema jambo la maana.

Nilikuwa nimepanga chumba mjini, mtaa wa Waswahili, kwa mama mmoja mjane. Baba yake alitoka Tanga, mama yake alikuwa Mnyamwezi, yeye amezaliwa hapo hapo karibu na reli, na alikuwa akisema yeye ndiye mtu pekee wa Moshi, sisi wengine tumeteremka tu kuja kununua chumvi. Kila asubuhi nikisema "Shikamoo, mama," anajibu "Marahaba, wewe Mchagga, leo umeacha kazi gani?" Uani kwake palikuwa na kibanda cha mabati, na hapo nikajenga tanuru la udongo wa kichuguu, dogo, la kufika magotini. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi nilinunua kwa mhunzi. Kinu nilichukua chake bila kumwambia.

"Umetwanga chupa kwenye kinu changu?"

"Kidogo tu, mama."

"Sasa pilau yangu itaota meno. Basi hicho kinu ni chako. Na kipya utaninunulia wewe."

Lakini alipoona shanga za kwanza zikitoka, alizitia kwenye kiganja, akazigeuza. Zilikuwa za kahawia, za chupa za bia, zimejikunja kidogo, na tundu lake safi kabisa, maana katikati ya kila kalibu nilisimamisha kikonyo cha jani la muhogo, kikaungua, kikaacha nafasi ya uzi. Akasema, "Nani atakutungia?" Sikuwa nimefikiria hilo. Tangu siku hiyo yeye alitunga, mimi nikachoma, na faida tukagawana katikati, ingawa yeye katikati yake ilikuwa upande wangu kidogo.

Chupa hazikuwa shida. Hoteli karibu na stesheni walikuwa wakizitupa shimoni nyuma. Hospitali kulikuwa na zile za dawa, za buluu, hizo nilizipenda kama nini. Wagiriki walikunywa kwenye za kijani. Nilipita mitaa yote na gunia, watoto wananifuata wanaimba, nami naimba nao. Kazi ya kutafuta niliiweza, na ya kusaga, na ya kupuliza mivukuto mpaka jasho linaingia masikioni. Isiyowezekana ilikuwa kungoja. Shanga zikishaiva huzitoi. Unaziba tanuru kwa majivu na udongo, unaziacha zipoe zenyewe mpaka kesho. Ukizitoa zikiwa na moto zinapasuka. Basi mimi kesho ilikuwa haifiki. Nakwenda stesheni kutazama treni ya Tanga, narudi, nagusa tanuru. Nakwenda sokoni, narudi, nagusa tanuru. Mwishowe mama mwenye nyumba alichukua kigoda chake, akakiweka mbele ya mdomo wa tanuru, akakaa juu yake na ukili wake akisuka mkeka.

"Ondoka hapo. Nenda kamtazame mbuzi," akasema. Habari za mbuzi zilikuwa zimeshafika mpaka mjini.

Kuuza nilikuweza kuliko vyote. Jumatano hii Kiboriloni, nyingine Kwa Sadala, popote penye soko mimi nipo, shanga zimening'inia kwenye fimbo begani. Kwa Sadala walikuja akina mama wa Kimasai, na hao hawadanganyiki. Mmoja aliinua ushanga wangu juani, akautazama, akaubana kwa meno.

"Hii chupa ya bia."

"Hapana, mama, hii imetoka mbali."

"Mbali wapi?"

"Stesheni."

Akacheka, wenzake wakacheka, akanunua zote za buluu. Za kahawia akaniambia nizirudishe kwa walevi.

Sasa, niliwaza hivi. Yule mama wa mlimani anasema mimi sikai. Haya, nimekaa kwenye kazi moja tangu mvua za vuli, na masika inaingia. Lakini atajuaje? Nitamtengenezea ushahidi wa kuvaa shingoni. Pasaka ilikuwa inakaribia, na Pasaka akina mama wa juu wanateremka kanisani na kila kizuri walicho nacho.

Shanga za rangi moja nikaziona za kawaida. Nilikuwa nimeokota kopo la kioo cheupe, cheupe kama maziwa, la mafuta ya uso, ambalo memsabu mmoja amelitupa. Nikalisaga. Nikachukua kijani cha Wagiriki, nikalaza kwenye kalibu, na juu yake nikanyunyiza ule weupe, tone tone, kama maua ya mbuni yanapochanua juu ya majani. Baba mdogo na chupa moja shanga moja yake nilimkumbuka, sisemi uongo. Nilimkumbuka, nikamcheka tena.

Zikatoka nzuri ajabu. Yule mama mwenye nyumba alizitunga polepole, na alipomaliza akazivaa kwanza yeye, akaenda kujitazama kwenye ndoo ya maji. "Wewe mtoto," akasema, "ukifanya hivi kila siku hata mimi utanioa." Nikampa yule msichana ampelekee mama yake. Jibu likaja: mama amezipokea. Hakusema asante, lakini amezipokea, amezitundika ukutani karibu na rozari. Wiki ile nzima sikulala vizuri wala sikukaa. Nilihesabu bao langu limeshaingia.

Siku ya Pasaka kulikuwa na baridi ya mvua. Kanisa limejaa mpaka mlangoni, wanaume upande wetu, wanawake upande wao. Nikamwona. Kitambaa cheupe kichwani, gauni lenye kola nyeupe, na juu ya kola, shanga zangu. Nikamwonyesha jirani yangu kwa kiwiko. Nikamwonyesha na jirani wa upande mwingine. Ilibaki kupaza sauti tu.

Tukapiga magoti. Kengele ndogo ikalia, padri akainua Hostia, na kanisa zima likanyamaza kama hakuna mtu. Katika kimya kile nikasikia: *ti*.

Kidogo sana. Kama kucha kwenye bakuli. Kisha tena, *ti*. Mama mmoja akageuka. Kisha *ti, ti*, na nusu ya ushanga ikadondoka sakafuni, ikabingirika kwenye saruji mpaka ikakigonga kiatu cha katekista. Yule mama akapeleka mkono shingoni kama mtu aliyeumwa na siafu. Kila akigusa, mwingine unapasuka. Wanawake wa jirani wakasogea mbali naye, wengine wakafanya ishara ya msalaba, maana shingo inayolia hawajaiona. Binti yake akaanza kumvua, uzi ukakatika, na zilizobaki zikamwagika zote, nyingine nzima, nyingine vipande, zikiruka sakafuni kama bisi kwenye chungu.

Hapo ningeweza kuokoka. Ningeinamisha kichwa, ningefunga macho. Lakini mimi nilicheka. Sikutaka. Kicheko kilipanda chenyewe, nikakibana kwa mkono, kikatokea puani, kikawa kikubwa zaidi. Yule mama akageuka, akatazama ng'ambo ya kanisa, akaniona mimi na mkono wangu mdomoni. Kwenye kola yake nyeupe kulikuwa na tone la damu, dogo.

Nje, mvua inanyesha, yule msichana alinipita bila kusimama.

"Umempa mama yangu bomu," akasema.

"Sikujua!"

"Na ukacheka."



Baba mdogo hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulichanganya?" Nikasema nilichanganya. Akavuta kikohozi chake, akasema sasa hapa hakuna maneno, hapa ni isale. Kwetu ukimkosea mtu kosa la namna hiyo, unakata jani la isale, lile refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini, na mzee anakupelekea. Mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Tatizo ni kwamba mzee anakwenda anapoona imefaa.

"Tutakwenda lini?"

"Hasira ipoe kwanza."

"Ipoe mpaka lini?"

"Unaona? Hilo ndilo analolisema yule mama," akajibu, akalala.

Nikateremka mjini na miguu inawasha. Nikawaza, na hapa ndipo nakuomba usinicheke sana: isale la kawaida linanyauka. Siku mbili tatu limekuwa kama kamba. Je, nikimpelekea isale lisilonyauka? La kioo! Msamaha wa kudumu. Na ataona kazi yangu ni kazi kweli. Sikuona kosa hata moja kwenye wazo hilo, nililizunguka pande zote.

Safari hii chupa moja tu, ya kijani, sikuchanganya hata chembe. Nilitengeneza kalibu ndefu kama mkono toka kiwiko, nikachora na mishipa ya jani. Nikavunja tanuru, nikalirefusha. Unga wa chupa ukayeyuka vizuri, nikaziba. Yule mama mwenye nyumba akasema kitu kinene namna hiyo kikae siku nyingi kuliko shanga, asikione kidole changu karibu. Akaleta kigoda chake. Lakini asubuhi yake akaitwa msibani, na msiba wa Waislamu hauchelewi, akavaa baibui yake mbio mbio akaniachia kigoda kitupu.

Unajua nilichofanya.

Jani likatoka zima! Nililigonga kwa ukucha, likaitika. Lilikuwa na joto bado, kama mkate, nikalifunga kwenye shati langu la pili, nikalitia kifuani, nikapanda mlima. Kutoka mjini mpaka Kiboriloni sikutembea, nilikimbia. Juu ya Kiboriloni watu walinisalimu, nikawajibu nikiwa nimeshawapita.

Nilimkuta mama wa msichana uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi, beseni la maji ya mfongo liko miguuni pake, na maji ya mfongo yanatoka kwenye baridi huko juu. Binti yake alikuwa anafagia. Kuku wamejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimeleta isale."

Hapo akainua macho. Nikafungua shati. Jua lilikuwa limetoka kidogo kati ya mvua na mvua, likaingia kwenye lile jani, na kijani chake kikamwagika mpaka ukutani. Hata binti aliacha kufagia. Yule mama akalitazama muda mrefu.

"Hili umelikata wapi?"

"Sikulikata. Nimelitengeneza."

"Isale linatengenezwa?"

"Hili halinyauki, mama," nikasema.

Akatoa mikono kwenye maji, bila kuifuta, akalipokea. Likalia *paa*, na halikuwapo tena. Ameshika kikonyo tu, kama mtu aliyeshika mpini usio na jembe. Vipande vilikuwa kila mahali: uani, kwenye beseni, kati ya ndizi, mpaka chini ya mti wa kahawa.

Isale limevunjika mkononi mwa mtu unayemwomba msamaha. Wazee wetu wamesema mengi kuhusu isale, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema likivunjika inafanywaje, kwa sababu isale halivunjiki. Nilisikia moyo wangu umeteremka mpaka Chekereni, huko bondeni kwenye mpunga. Kicheko hakikuja. Nilikingoja, hakikuja. Binti alinitazama usoni kama anatafuta kitu.

Yule mama akaweka kile kikonyo kwenye paa la banda la kuku, juu, taratibu. Akainuka kutoka kwenye kigoda chake, akakisukuma kwangu kwa mguu.

"Watoto wanapita hapa bila viatu," akasema. "Kaa. Okota."

Nikakaa. Nikaokota. Vikubwa nilimaliza mapema, nikainua kichwa, akaonyesha kwa kisu: pale. Vya kati. Pale tena. Halafu vikabaki vidogo, vile ambavyo huvioni mpaka jua livipate, na ukigeuza shingo vinapotea. Kuku walikuwa wanavitaka kama mtama, nikawafukuza kwa mkono huu huku naokota kwa mkono huu. Jogoo mmoja alisogea, akakitazama kipande kwa jicho moja, akaninyooshea shingo, akakiacha. Alikuwa na akili kunizidi. Binti alitaka kunisaidia.

"Mwache," mama yake akasema. "Ana kazi."

"Mama, anatoka damu vidoleni."

"Na mimi nilitoka shingoni."

Miguu ilianza kuwasha kama kawaida yake. Mara mbili ilitaka kuinuka peke yake, nikaishika kwa mikono. Mbuzi alilia nyuma ya nyumba, mbuzi yule yule, nikasikia nimeitwa kabisa, na sikwenda. Nilisogeza kigoda hatua, nikaokota, nikasogeza tena. Baba wa nyumba alirudi kutoka shambani, akanitazama, akamtazama mkewe, akaingia ndani bila kuuliza. Ndizi zikamenywa zote, za jana na za kesho nadhani, maana yule mama hakuondoka pale. Alikaa kwenye gogo, akinitazama, na wakati mwingine ananyoosha kisu: pale.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya migomba, sikuona tena kinachong'aa. Nilikuwa na vipande kwenye shati langu vya kujaza kibuyu. Aliletewa kata ya mbege, akanywa yeye kwanza kidogo, akanipa. Nilikunywa nimekaa. Nilikuwa na woga wa kusimama.

"Mwambie baba yako mdogo alete isale la mpakani," akasema. "Akiwa tayari yeye. Siyo wewe."

"Ndiyo, mama."

"Haya, nenda, giza linaingia."

Nikainuka, magoti yamekufa ganzi, nikamwinamia kumuaga. Nilikuwa nimeshafika mfongoni aliponiita. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, anapitisha wayo wake juu ya udongo, polepole, kama anayetafuta sindano.

"Wewe," akasema. "Mvua ikinyesha usiku, vilivyozama vitaoshwa vitokee juu. Kwa hiyo ikinyesha, asubuhi uje."